Kivuli cha Alasiri na Kihisi cha Jua

Mtoto aliyesomeshwa chuoni katika mwambao wetu huanza kusikia habari za kivuli akiwa bado mdogo. Katika Safinatun Najaa, kitabu kidogo cha fiqhi ya madhehebu ya Imamu Shafi ambacho wengi wetu tulianzia, nyakati za sala zimepangwa kwa jua na kivuli. Adhuhuri huingia jua linapopinduka kutoka kati ya mbingu, na hutoka pale kivuli cha kitu kinapolingana na kitu chenyewe, bila ya kuhesabu kile kivuli kilichokuwapo jua lilipokuwa kati. Hapo alasiri imeingia. Na kabla ya vitabu, imepokewa katika Hadithi kuwa Jibrili (A.S.) alimsalisha Mtume wetu (S.A.W.) penye Al-Kaaba siku mbili ili kumwonyesha mwanzo na mwisho wa kila wakati, na alasiri ya siku ya kwanza ilisaliwa pale kivuli cha kila kitu kilipokuwa mfano wake.

Watoto wetu huyahifadhi maneno haya vizuri. Waulize, watakujibu bila ya kukwama. Lakini waulize ni lini walitoka nje wakasimama uani kukitazama kivuli chao, nao watabaki kukutazama wewe. Siku hizi saa iko ukutani, adhana iko ndani ya simu, na ratiba ya sala imebandikwa mlangoni mwa msikiti. Elimu ya kivuli imebaki kuwa maneno ya kuhifadhiwa. Ombi langu kwa wazazi na maalim ni kwamba tuirudishe uani. Sababu ya kwanza inajulikana, nayo ni ibada. Ya pili ni afya ya ngozi na macho ya wanetu, na katika hiyo kuna kidude kipya kinachoweza kutusaidia, tukijua kukitumia na tukijua mipaka yake.

Jua hutuletea mambo matatu. Mawili kila mtu anayajua: mwanga tunaouona kwa macho na joto tunalolihisi mwilini. La tatu halionekani wala halihisiki. Ni miale ambayo wataalamu huiita ya urujuanimno, na kwa ufupi huandikwa UV. Hiyo ndiyo inayounguza ngozi, inayoikunja na kuizeesha kabla ya wakati wake, na ambayo ikizidi kwa miaka mingi huchangia saratani ya ngozi na ukungu wa macho tunaouita mtoto wa jicho. Shida yake katika malezi ni hii: mama hupima jua kwa joto. Akiona upepo wa kusi unavuma, mawingu yametanda na ngozi haitoki jasho, huwaachia watoto wacheze nje mchana kutwa. Kumbe wingu jepesi hupitisha zaidi ya asilimia 90 ya miale hiyo, na upepo haupunguzi chochote. Ubaridi wa mwezi wa Julai hauna habari na UV.

Ili watu wasikisie, mwaka 1992 wataalamu wa Kanada walianza kutangaza kipimo cha UV pamoja na habari za hali ya hewa, na baadaye Shirika la Afya Duniani na lile la Hali ya Hewa Duniani yakakikubali kiwe kimoja kwa ulimwengu mzima. Kipimo chenyewe ni namba inayoanzia sifuri. Sifuri hadi 2 ni kidogo, 3 hadi 5 ni wastani, 6 na 7 ni kikali, 8 hadi 10 ni kikali mno, na 11 kwenda juu ni cha kupindukia. Kila daraja limepewa rangi yake: kijani, manjano, rangi ya chungwa, nyekundu na zambarau. Tangu 3 kwenda mbele ndipo mtu anaposhauriwa kujikinga.

Sasa tujitazame sisi. Mombasa iko takriban digrii 4 kusini ya Ikweta. Jua hupita utosini kabisa mara mbili kwa mwaka, mara moja mwanzoni mwa Machi na mara nyingine mwanzoni mwa Oktoba, na hata miezi mingine halijitengi mbali. Siku ya anga safi mwezi wa Machi, kipimo cha adhuhuri hufika 11 na kupita. Katikati ya kusi, tunapojifunika shuka alfajiri, mchana wake bado huweza kufika 8. Watu wa nchi za baridi huiona namba kama hii katika siku chache za kiangazi chao, nasi tunaishi nayo mwaka mzima.

Hapa ndipo elimu ya chuoni inapokutana na elimu ya wataalamu hawa. Wao wana kanuni nyepesi ya kufundishia watoto: kivuli chako kikiwa kifupi kuliko wewe, jua ni kali, tafuta mahali pa kujikinga, kikiwa kirefu kuliko wewe, limepungua nguvu. Sababu yake ni kwamba jua linapokuwa juu, miale yake hupita katika tabaka jembamba la hewa na kutufikia ikiwa na nguvu. Linapoinama, njia huwa ndefu na hewa huchuja sehemu kubwa. Basi mtazame mtoto aliyefundishwa Safina. Kwake yeye kanuni hii si ngeni hata kidogo, kwa kuwa kivuli kulingana na urefu wa mtu ndiyo alama ya alasiri. Na kwa vile fiqhi humwongezea na kile kivuli cha jua la kati, alasiri haiwezi kuingia katika mwezi wowote huku kivuli kikiwa kifupi kuliko mwenyewe. Kwa saa zetu, mwezi wa Machi ni kama saa tisa u nusu mchana. Oktoba hutangulia kidogo. Asubuhi nayo hesabu ni hiyo hiyo kwa upande wa pili: mpaka kama saa tatu au saa tatu u nusu, kivuli bado ni kirefu.

Mwenyezi Mungu katika Suratul Furqan, aya ya 45, ametutaka tuangalie namna anavyokitandaza kivuli, na akataja kuwa jua amelifanya liwe dalili yake. Sisemi kuwa aya imeteremka kwa ajili ya losheni na miavuli. Tafsiri za kulazimisha sayansi ndani ya kila aya si njia yangu, na nimeziona zikimfedhehesha msemaji pale sayansi inapobadilika. Ninalosema ni kuwa aliyezoeshwa kukitazama kivuli kwa kuamrishwa ana hazina mkononi, na mzazi asiyemwonyesha matumizi yake amemnyima.

Sasa kile kidude. Kinaitwa kihisi, nacho ni kipande kidogo cha kielektroniki kinachohisi kitu fulani na kukigeuza kuwa namba. Kuna vihisi vya joto, vya unyevu, vya mwendo, na viko vya UV. Kihisi huunganishwa na kadi ndogo ya kompyuta. Kadi hiyo nayo hupeleka namba kwa mawimbi ya redio au kwa intaneti hadi kwenye kioo kilichoko darasani, au kwenye simu ya mwalimu na ya mzazi. Kadi inayojulikana zaidi maskulini ni micro:bit, iliyotengenezwa Uingereza na mwaka 2016 ikagawiwa wanafunzi wapatao milioni moja wa nchi hiyo. Ni ndogo, huenea katika kiganja cha mtoto, na ina taa 25 nyekundu ambazo mtoto huzipanga zionyeshe namba au uso unaocheka. Kadi mbili zinaweza kuzungumza bila ya waya: moja juu ya dari juani, nyingine ndani mbele ya darasa.

Ila mwalimu atanabahi jambo moja ambalo wengi hulikosea. Kadi hii huweza kupima mwanga, na wapo wanaodhani kupima mwanga ndiko kupima UV. Sivyo. Mwanga ni ule tunaouona. UV hatuioni, na vitu hivi viwili havipandi na kushuka pamoja. Hakina budi kununuliwa kihisi cha UV chenyewe na kuunganishwa na kadi. Na kikishafungwa juu ya dari, kisifunikwe kwa kioo cha dirisha, maana kioo huzuia sehemu kubwa ya miale inayounguza na namba itatoka ya uongo. Tena hewa yetu ina chumvi na vumbi. Kifutwe kila wiki, au kitakuwa kinapima uchafu.

Huenda maalim mmoja akauliza vidude vya kielektroniki vina nini na chuo cha Kurani. Namjibu kwa mji wa Damascus. Katika msikiti mkuu wa Banu Umayya palikuwapo mtu aliyeajiriwa kwa kazi ya kulinda nyakati za sala, Ibn al-Shatir, mwanafalaki mkubwa wa zama zake. Mwaka 773 Hijria, karibu na 1371 Miladia, alichonga saa ya jua katika jiwe la marumaru ikawekwa kwenye mnara wa msikiti huo. Hicho nacho kilikuwa chombo kipya cha kupimia jua, na mahali pake palikuwa msikitini.

Walioendelea zaidi katika somo hili ni watu wa Australia, kwa sababu walilipa gharama yake. Wengi wao ni kizazi cha wahamiaji weupe waliotoka nchi za jua hafifu wakahamia chini ya jua kali, na saratani ya ngozi ikawaenea kuliko karibu mataifa yote. Mwaka 1981 jimbo la Victoria lilianza kufundisha kwa wimbo mfupi wa televisheni ulioimbwa na shakwe aliyechorwa, akiwahimiza watu wavae shati, wapake losheni na wavae kofia; baadaye wakaongeza kutafuta kivuli na kuvaa miwani. Skuli nyingi za watoto wadogo huko zina sharti moja lisilojadiliwa: asiye na kofia hachezi juani. Na taasisi yao ya serikali inayosimamia kinga ya mionzi imeweka vihisi vya UV katika miji mingi, vinavyotoa namba kila baada ya muda mfupi kwa yeyote atakaye. Mwaka 2022 mashirika ya Umoja wa Mataifa yalitoa programu ya simu iitwayo SunSmart Global UV, inayoonyesha kipimo cha siku mahali ulipo. Mama mwenye simu ya kawaida ya kisasa anaweza kuanza na hiyo leo hii bila ya kununua kihisi chochote. Lakini namba ya programu ni makadirio ya eneo zima. Haijui kama mwanao yuko chini ya mwembe au kwenye mchanga mtupu, na tofauti hiyo ndiyo ninayotaka mtoto aione kwa macho yake.

Mtoto wa miaka minne au mitano hajui maana ya 9. Rangi anazijua. Kwa hiyo kile kioo cha darasani kisimwonyeshe namba, kimwonyeshe rangi, na kila rangi iwe na tendo moja tu. Kijani, cheza. Manjano, vaa kofia. Rangi ya chungwa na nyekundu, kofia na kivulini. Zambarau, ndani. Kwa chuo kisicho na uwezo wa kununua kadi na kihisi, kuna shanga maalum za plastiki ambazo ni nyeupe ndani ya nyumba na hugeuka rangi zikipigwa na UV. Mtoto akatunga kamba ya shanga hizo, anakuwa na kihisi kisichohitaji betri. Hazitoi namba, lakini kwa rika hilo zinatosha.

Kisha waachiwe wajaribu. Hapa ndipo somo lilipo, na mwalimu asiwe na haraka. Kihisi kipelekwe juani, watoto waone zambarau. Kifunikwe kwa leso iliyokunjwa mara mbili, waone rangi inavyoshuka. Kifunikwe kwa fulana nyeupe nyembamba, halafu fulana hiyo hiyo ikatiwe maji na kufunikwa tena: watashangaa kuona miale inapita zaidi kuliko ilipokuwa kavu. Basi yule anayeogelea na fulana nyepesi akadhani amejisitiri na jua hajajisitiri vya kutosha. Kifunikwe kwa kipande cha kitambaa cha buibui, na mabinti watafurahi kuona namba ikianguka, kwa kuwa kitambaa cheusi kilichofumwa kwa kubana hukinga vyema. Aya ya 81 ya Suratun Nahl imetaja kivuli na mavazi pamoja katika neema za kutukinga, moja baada ya nyingine, na hapa mtoto ameviona vyote viwili vikifanya kazi juu ya meza.

Kisha wakipeleke kivulini, nao wataona jambo ambalo watu wazima wengi hawalijui. Chini ya mwavuli ulio peke yake ufukoni, namba haishuki kuwa sifuri. Miale ya UV hutawanyika angani na kuteremka kutoka pande zote za mbingu, si kutoka kwenye jua peke yake. Mchanga mkavu nao hurudisha kama asilimia 15 na povu la bahari kama asilimia 25. Mwenye kuzamia nusu mita chini ya maji bado hufikiwa na kama asilimia 40 ya miale iliyoko juu. Lakini mpeleke mtoto huyo na kihisi chake katika vichochoro vya Mji wa Kale wa Mombasa, au Mkomani kule Lamu, ambako nyumba za mawe zimesogeleana hata mbingu ikabaki kama ukanda mwembamba juu ya kichwa. Hapo rangi itashuka kwelikweli. Wazee wetu waliojenga hivyo walikuwa wakilikimbia joto, wala hawakuwa na habari ya urujuanimno, lakini kinga waliipata yote. Leo tunajenga maskuli yenye viwanja vipana visivyo na mti hata mmoja, tunavisakafu, kisha tunaviita vya kisasa.

Nimesema kanuni ya kivuli inalingana na alasiri. Sasa niseme mahali inapopungukiwa, kwani hapo ndipo kihisi kinapolipa gharama yake. Kivuli kinapolingana na mtoto, miale imepungua sana lakini haijakwisha. Siku safi ya Machi, alasiri inapoingia, kihisi huweza kuonyesha bado namba iliyozidi 3. Kwa mtoto wa ngozi nyeusi hilo si la kutisha. Kwa mtoto mwenye ualbino ni saa nyingine nzima ya kuungua, wakati ambapo wenzake wameruhusiwa kutoka kucheza na yeye amefuatana nao.

Mtoto huyu ndiye aliyenifanya niandike. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu Wakenya 9,729 wanaoishi na ualbino. Ngozi zao zina rangi kidogo sana ile ya asili ambayo Mwenyezi Mungu ameiweka kuwa kinga, na saratani ya ngozi huwapata mapema, wengi wao wakiwa bado vijana. Ni ugonjwa unaozuilika kwa kiasi kikubwa kwa nguo, kofia, kivuli na losheni, mradi kinga ianze utotoni. Serikali, kupitia Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, ina mpango wa kuwapa watu hawa losheni ya kukinga jua kupitia hospitali za umma. Mzazi ambaye hajamwandikisha mwanawe na aende akaulize. Asiridhike kumpaka mafuta ya nazi, kwani hayakingi.

Lakini losheni haimfai mtoto ambaye kanuni za chuo zinamzuia. Tuna desturi nzuri ya kofia, nami naipenda. Kofia yetu ya vito hufunika utosi na kuishia hapo. Masikio, shingo, pua na macho hubaki wazi, na hapo ndipo mtoto mwenye ualbino anapoungua kwanza. Yeye anahitaji pama, kofia pana ya ukingo pande zote, kama zile za ukindu wanazojua kuzisuka mama zetu. Maalim anayemwambia aivue kwa kuwa si sare, au kwa kuwa si ya adabu, amuru kwa elimu. Hakuna adabu ya sheria inayomtaka mtoto adhurike, na kuondoa madhara ni katika misingi ambayo fiqhi imesimama juu yake. Vilevile macho yake hayavumilii mwangaza, na kuona mbali humtaabisha. Aketishwe mbele, mgongo wake uelekee dirishani, apewe msahafu wa maandishi makubwa. Akikunja uso wakati wa kusoma si jeuri. Na lile neno zeruzeru lisisikike katika chuo chochote kinachofundisha Kurani.

Uzuri wa kile kioo chenye rangi ni kuwa humtoa mtoto huyu katika upweke. Rangi ya zambarau ikitokea, darasa zima huingia ndani, naye huingia kama mmoja wao. Hakuambiwa yeye peke yake, mbele ya wenzake, akae kando kwa sababu ya alivyoumbwa.

Kwa watoto wengine tusipige ngoma ya hofu. Jua ni rehema. Ngozi zetu nyeusi zina kinga ya maana dhidi ya kuungua, na mwili hutengeneza vitamini D kwa msaada wa miale hiyo hiyo. Mtoto anayefungiwa ndani daima huweza kupata udhaifu wa mifupa na matege. Mama zetu na mabinti wanaovaa buibui nje nao wapate muda wa jua katika ua wa nyumba, penye sitara. Ila macho ya mweusi hayana kinga zaidi ya macho ya mweupe. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa katika watu milioni 15 waliopofuka kwa mtoto wa jicho, hadi asilimia 10 huenda chanzo ni UV. Mvuvi anayeshinda baharini, na kijana wake anayemfuata ngalawani akitazama maji yanayomeremeta, wana haja ya kofia ya ukingo kama yule mwenye ualbino. Mtoto mchanga aliye chini ya miezi sita yeye asiwekwe juani kabisa wakati wa jua kali; kinga yake ni kivuli na nguo, si losheni.

Suala linaloulizwa na mama wengi ni losheni na udhu. Jibu hutegemea losheni yenyewe. Ikiwa imenyonywa na ngozi na haikuacha tabaka, maji hufika na udhu ni sahihi, hata kama maji yanateleza kidogo kama yanavyoteleza juu ya mafuta. Ikiwa ni ile nzito isiyopitisha maji, iliyoacha utando juu ya ngozi, basi huo ni kizuizi, na viungo vya udhu vioshwe kwa sabuni kwanza. Njia ya raha ni kupanga: mtoto atie udhu nyumbani, akaukie, kisha apakwe losheni yenye kinga ya 30 au zaidi, kama robo saa au nusu saa kabla ya kutoka. Akifika msikitini udhu wake upo. Losheni hudumu kama saa mbili, kisha hurudiwa, na akishaosha viungo hana budi kupaka tena. Katika Ramadhani kuipaka juu ya ngozi hakubatilishi saumu.

Nina tahadhari moja kuhusu vihisi vyenyewe. Viko vya aina ya bangili, huvalishwa mkononi mwa mtoto na kupeleka habari zake kwenye simu ya mzazi kupitia kompyuta za kampuni iliyoko nchi ya mbali. Vingine hupeleka na mahali alipo, saa aliyotoka na njia aliyopita. Mtoto ni amana, na habari zake ni sehemu ya amana hiyo. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 nayo imetaka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya habari za mtoto kuchukuliwa. Chuo kikitaka kihisi, nashauri kiwekwe juu ya dari au mtini. Hapo kitapima jua, hakitampima mtoto. Anayetaka kumnunulia mwanawe bangili asome kwanza kinachopelekwa na kinapelekwa wapi, na asipopata jibu asinunue.

Imebaki ratiba. Mtume (S.A.W.) aliamrisha, kama ilivyopokewa na Bukhari na Muslim, kuwa joto likizidi adhuhuri icheleweshwe mpaka lipoe. Ikiwa faradhi ya Mwenyezi Mungu imepewa nafasi hiyo, ratiba ya chuo ni nyepesi zaidi kugeuzwa. Vyuo vyetu vingi siku za Jumamosi na Jumapili hufungwa saa sita, na watoto hurudi nyumbani kwa miguu jua likiwa utosini, bila ya kivuli cha kutosha hata kukanyaga. Penye uwezekano wa kuanza mapema baada ya alfajiri na kumaliza saa tatu, na ifanywe hivyo. Pasipowezekana, mapumziko ya kucheza yawe kabla ya saa tatu u nusu, na wale wanaorudi adhuhuri wapewe miavuli. Ule mweusi wa mvua unafaa.